Kukaa kwa Odera

Mzee Irungu hakuwa na meno mawili ya chini, hakuwa na ng'ombe tena, na hakuwa na king'ora cha kiwanda cha kumwambia saa ya kula na saa ya kuinuka. Hakuwa na meneja juu yake wala wafanyakazi chini yake. Hakuwa na picha hata moja ya ujana wake, kwa kuwa picha ziliungua pamoja na nyumba ya kwanza, mwaka ule ambao watu wa kijiji chake, Yamumbi, hawapendi kuutaja. Hakuwa na rafiki wa kumtembelea bila sababu. Na hakuwa na shughuli yoyote ya maana kati ya saa moja asubuhi na saa sita mchana. Alichoachiwa kwa wingi ni muda, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha la kuufanyia, aliutumia kumchunguza jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Odera. Alikuwa amenunua ploti ya upande wa mashariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na kwa miaka yote hiyo wawili hao walikuwa wakisalimiana Jumapili tu. Irungu alikuwa nyapara katika kiwanda cha nguo mjini. Alitoka nyumbani nyota zikiwa juu, akarudi taa zikiwa zimewashwa. Kiwanda kilimwongezea mkataba mara tatu kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kusikia, katikati ya makelele ya mashine mia, ile moja iliyokuwa ikikaribia kuharibika. Alikuwa na sikio hilo. Alipostaafu, sikio halikustaafu.

Ndipo, mwezi wa tatu wa kukaa nyumbani, akiwa dirishani mwa jikoni na kikombe cha chai mkononi, alipoona jambo. Odera alitoka kwake na kigoda, akavuka bustani yake ya sukuma wiki, akakiweka kigoda nyuma ya ua wa kayaba wa Irungu, akakaa. Hakushika gazeti. Hakushika simu. Alikaa nusu saa nzima mikono ikiwa magotini, kisha akabeba kigoda chake akaenda. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Na pale alipokaa hapakuwa pake. Irungu alipopanda ua ule, aliuingiza ndani hatua mbili kutoka kwenye jiwe la mpaka ili ng'ombe wapate njia. Ng'ombe walikwisha, njia ikaota nyasi, lakini kwenye hati ardhi ilibaki kuwa ya Irungu.

Akanunua daftari. "Jumanne," aliandika kwa mwandiko wake wa mviringo, aliojifunza akiwa na miaka arobaini katika madarasa ya jioni ya ngumbaru. "Amekaa dakika thelathini na tano. Hajafanya kitu." Alhamisi: "Amekaa dakika arobaini. Ametazama mbele." Wiki ya tatu akagundua lililomfanya avue miwani na kuifuta: kigoda kilikuwa kinahama. Kila baada ya siku chache Odera alikiweka kiganja kimoja mbele, kufuata ua, kuelekea chini. Wakati wa unyapara wake, mfanyakazi aliyekimbia hakumtia wasiwasi kamwe. Aliyemtia wasiwasi ni yule aliyesimama kimya.

"Baba Lynette," alisema Waceke, mkewe, akimenya viazi, "huyo mtu anaota jua."

"Jua liko kwake pia."

"Basi labda anakupenda."

"Cheka tu. Mtu hapimi shamba la mwenzake kwa kigoda akiwa na nia njema."

Asubuhi moja alishindwa kuvumilia. Akapita kwenye kilango cha zamani cha ng'ombe, akajitokeza upande wa pili akijifanya anakagua miiba ya kayaba.

"Habari ya asubuhi, jirani."

"Nzuri sana, Mzee!" Odera aliinuka nusu, kwa heshima, kisha akarudi kigodani. Alikuwa mtu mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Leo umenikumbuka."

"Nakuona hapa mara kwa mara."

"Eeh, si hapa ndipo ninakaa! Nimekaa hapa tangu nihamie. Mwaka wa kumi na moja huu. Hakuna aliyewahi kunisumbua. Mpaka sasa napaona ni pangu kabisa."

Irungu aliitikia kitu, hata yeye hakujua nini, akarudi ndani na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku la magazeti. Humo mlikuwa na ukurasa aliokuwa ameukata mwenyewe: wakili mmoja akiwaeleza wasomaji kwamba mtu aliyekaa katika ardhi ya mwenzake miaka kumi na miwili, wazi wazi, bila kuzuiwa, anaweza kwenda mahakamani akaidai kuwa yake. Amekaa. Neno lilikuwa ni hilo hilo. Wazi wazi, bila kuzuiwa. Na mtu amekiri kwa kinywa chake, tena kwa tabasamu, kwamba amebakiza mwaka mmoja.

Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa chifu. Aliiandika mara mbili ili isiwe na kosa la herufi. Alimtaja Odera kwa majina yake yote matatu na kabila lake, ingawa hakuna aliyemwuliza kabila. Alipofika hapo kalamu ilisita, kisha ikaendelea. Aliikunja barua, akaiweka katika mfuko wa koti bila kuifunga. Ushahidi zaidi kwanza.

Wakili alikuwa ameandika pia kwamba mwenye ardhi anaweza kukatiza madai kwa kuikalia mwenyewe. Basi kesho yake, kabla jua halijachomoza, Irungu alibeba kiti cha mezani, akakisimamisha palepale nyasi zilipolala kwa mguu wa kigoda, akakaa. Alikaa kama askari wa lango, mgongo wima, koti limefungwa vifungo vyote.

Odera alipotokea na kigoda chake alisimama katikati ya sukuma wiki. Irungu akajiandaa.

"Ai, Mzee Irungu!" Odera aliita. "Miaka yote nimekaa peke yangu kama mtu aliyeadhibiwa! Ngoja nilete chai."

Akaleta chupa na vikombe viwili. Akaweka kigoda kando ya kiti, wala hakugombea nafasi. Irungu alikinusa kikombe kabla ya kunywa, na akajichukia kidogo kwa kufanya hivyo, kidogo tu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi ya bondeni, mweupe na mzito. Mahali fulani chini yake mwanamke alikuwa akimwita ng'ombe kwa jina. Irungu alitazama saa mara tisa.

Alirudi kesho yake kwa sababu ya sheria. Alirudi siku ya tatu kwa sababu ya sheria. Daftarini aliandika, "Tumekaa," akakata, akaandika, "Nimekaa, naye akiwepo."

Siku ya sita alitazama saa mara mbili tu. Ndiyo siku aliyouliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Lakini wewe unatazama nini hasa?"

Odera alifikiri. "Mimi nilikuwa dereva wa basi. Kisumu, Nairobi, Kisumu. Miaka ishirini na minane. Jua nililijua kama adui, Mzee. Linachomoza, linaingia kiooni, linanipofusha, nalitukana. Sijawahi kuliona likichomoza mimi nikiwa nimesimama." Akacheka. "Nilipostaafu nikasema, hebu nilikalie nilione ni mtu wa aina gani."

Maneno yale yalimwingia Irungu, na kwa sababu yalimwingia akayashuku. Hivyo ndivyo wanavyoanza, alijiambia, kwa maneno matamu. Akaamua kulimaliza.

"Odera, niambie. Unaposema unakaa hapa, ni kukaa, au ni kukaa?"

"Sijakuelewa."

"Ni kukaa kwa makao, au?"

"Kukaa, Mzee! Kwa matako!" Odera aliyapiga mapaja yake kwa kicheko. "Sasa mtu atajenga kwenye miiba? Nakaa tu, naota jua..." Kicheko kikakatika. Alimtazama Irungu, akakitazama kiti cha mezani, na lile koti la vifungo. "Kwani hapa ni kwako?"

"Mpaka uko pale kwenye lile jiwe."

"Mimi nilijua mpaka ni huu ua." Aliinuka upesi, kana kwamba nyasi zimeshika moto. "Kumbe ulikuja kunilinda. Siku zote hizi nikikupa chai, wewe unanilinda kama mwizi." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniambia siku ya kwanza, Mzee. Mimi pia nimewahi kuhamishwa na watu. Siwezi kukaa pa mtu."

Akakusanya vikombe, kigoda na chupa. Alivuka sukuma wiki yake taratibu, akichagua pa kukanyaga.

Asubuhi iliyofuata hakuja. Irungu alikaa peke yake, mshindi. Amekwenda kwa wakili, aliwaza. Siku ya pili hakuja pia. Amekwenda kuwaambia wenzake, aliwaza Irungu, lakini safari hii wazo lilikuja likichechemea. Alijikuta akisikiliza mlango wa jirani kama alivyosikiliza mashine zamani.

Siku ya tatu baridi ilikuwa kali. Mwanga ulipenya kati ya mikaratusi miwili ya shamba la mbele, ukaja mwembamba kama kanga iliyokunjwa, ukaanguka juu ya nyasi kando yake, lakini haukumgusa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Bila kufikiri, Irungu alitia mkono chini ya kiti akakisogeza kiganja kimoja, kufuata ua, kuelekea chini. Joto likamshika kifuani.

Akabaki vile vile, mkono ungali chini ya kiti.

Hakuna aliyekuwa amehamisha mpaka. Jua ndilo lililohama, kidogo kidogo, kama linavyofanya kila mwaka miezi hii, na mtu mmoja alikuwa amelifuata na kigoda. Irungu alikaa pale mpaka mwanga ukapanda juu ya ua. Hakutazama saa hata mara moja. Yule mwanamke wa bondeni alimwita ng'ombe wake, na kwa mara ya kwanza Irungu alilisikia jina: Asante. Ng'ombe aliitwa Asante. Alitaka kumgeukia mtu amwambie, lakini kando yake palikuwa na nyasi tu.

Alipoingia ndani alivua koti, akatia mkono mfukoni. Patupu. Akatia katika ule mwingine.

"Mama Lynette! Kulikuwa na barua hapa!"

"Ya chifu? Niliwashia jiko Jumatatu."

"Uliisoma?"

"Mimi nilikwenda shule ya mchana," alisema Waceke. Hakutabasamu. "Niliisoma mpaka pale ulipoandika kabila lake. Hapo nikatafuta kiberiti."

"Nilikuwa nimekuja kuichana," alisema Irungu.

"Basi tumepishana."

Alikaa mezani na karatasi. Angeweza kutembea hatua hamsini na kuongea kwa kinywa, lakini jambo lililoharibika kwa kinywa hakukiamini kinywa kulitengeneza. Akaukunjua tena ule ukurasa wa gazeti, maana ni mtu wa kuhakikisha. Mwishoni, katika aya ambayo hasira haikumwacha aifikie, wakili aliandika kwamba aliyekaa kwa ruhusa ya mwenye ardhi hawezi kuidai kamwe. Ruhusa ikiandikwa, ni bora zaidi.

Hapo alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Barua moja ya ruhusa ingekuwa zawadi na ingekuwa kufuli. Alijichunguza kwa uaminifu, kama alivyomchunguza Odera, na hakuweza kusema ni mkono gani ulioshika kalamu.

"Ndugu Odera," aliandika. "Mimi Irungu nakuruhusu kuketi nyuma ya ua wangu." Kuketi. Neno safi, lisilo na makao ndani yake. Hakuna wakili ambaye angelipindisha. Alilitazama muda mrefu. Kisha akachukua karatasi nyingine.

"Ndugu Odera. Jua limefika karibu na kile kilango cha zamani. Nilikukosea. Njoo tukae."

Aliisoma mara moja, na kabla hajaanza kuona tundu katika neno lile la mwisho akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika. Akatoka. Lango la bati la Odera lilikuwa limefungwa, na ndani hapakusikika sauti. Irungu alipiga magoti kwa shida, akaiingiza bahasha chini ya bati, akaisukuma yote, mpaka ncha za vidole vyake zikagusa udongo wa upande wa pili.