Mashimo ya Nyamtondo

Kufika saa mbili asubuhi Lusia alikuwa ameshajaza makarai manne. Wanawake kumi na watatu walikaa naye chini ya turubai, kila mmoja na nyundo yake, wakiponda mawe ya dhahabu yaliyotoka maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji. Nyuma yao karasha, mashine ya kusaga mawe, lilikuwa likinguruma, na vumbi jeupe lilikuwa limewatulia kwenye kope na kwenye vitenge. Mtu akitaka kuongea, alipiga kelele.

"Baba Hosiana, naomba ruhusa!" Lusia alimwambia Donatus, msimamizi wa karasha. "Naenda kata. Ile fomu yetu ya ruzuku, leo ndiyo mwisho."

"Nenda. Ila nafasi nampa mwingine. Unaona wanaosubiri pale."

Aliona. Kabla hajamaliza kunawa mikono, binti mmoja alikuwa ameshakalia jiwe lake.

Ezekiel alimsubiri barabarani na bodaboda. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha vijana, Lusia katibu, wanachama kumi na mmoja kwa jumla, wote vijana wa Nyamtondo isipokuwa Martina. Martina alikuwa na miaka arobaini na mbili. Waliivunja katiba yao wenyewe kumpokea. Mwezi wa tatu binti yake Esta, mwenye miaka saba, alimfuata mbuzi kwenye vichaka vya nyuma ya shule, akatumbukia kwenye duara lililoachwa na wachimbaji. Lilikuwa limejaa maji ya mvua. Walimtoa kesho yake mchana. Tangu hapo Martina hakukosa kikao hata kimoja.

Redio ndiyo iliyowaletea habari ya ruzuku: shirika moja lina ofisi Geita mjini, linatoa fedha kidogo kwa miradi ya vijana katika jamii zao. Wao waliomba fedha za kukodi lori la kifusi, wayafukie mashimo. Wiki mbili walizunguka vichakani wakiyahesabu na kuyapiga picha kwa simu. Walipata arobaini na moja. Kilichobaki ni muhuri wa mtendaji wa kata, kisha fomu ifike mjini kabla ya saa tisa.

Mtendaji, bwana Ansgar, hakuwepo. Walikaa kwenye benchi hadi saa tano na nusu, alipoingia na jasho shingoni.

"Shikamoo, mtendaji," Lusia alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashimo? Ingia."

Alisoma fomu taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye picha aliacha kusoma, akainuka, akafunga mlango. Kisha akatoa faili kabatini na kulifungua mbele ya Lusia.

"Soma hapa."

Ilikuwa taarifa ya mwaka juzi ya kurejesha mazingira. Mashimo yaliyokuwepo kijiji cha Nyamtondo: hamsini na mbili. Yaliyofukiwa: hamsini na mbili. Yaliyobaki: hakuna.

"Si kweli hii, baba."

"Mimi sikuwepo. Nimehamishiwa hapa mwezi wa nane, faili nimelikuta. Lakini taarifa imeshasomwa wilayani, imepokelewa. Nikigonga muhuri kwamba mashimo yapo, ina maana kuna mtu alikula fedha. Na atakayeitwa si yule mtendaji aliyestaafu. Ni mimi."

"Esta alitumbukia wapi, kama yamefukiwa?"

Mtendaji alijipangusa uso kwa kiganja.

"Msibani nilikwenda," alisema. "Nilishika hata jembe."

Alirudisha faili kabatini. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kikazi.

"Badilisha jina la mradi. Andika elimu kwa jamii juu ya usalama katika maeneo ya uchimbaji. Semina. Hilo nakugongea sasa hivi, hata barua ya kuwasifu nawaandikia."

Lusia alitoka nje. Ezekiel alikuwa amejilaza kwenye pikipiki, miguu juu ya usukani. Alimweleza.

"Andika tu," Ezekiel alisema. "Hela ikishaingia tutajua wenyewe."

"Hela ya semina ni ya semina. Watataka majina, sahihi, na picha za watu wamekaa kwenye viti."

"Basi usiandike."

"Halafu?"

Ilikuwa saa sita na robo. Lusia alirudi ndani, akakata kwa kalamu maneno waliyoyabishania vikao vitatu, akaandika mengine juu yake. Muhuri uligongwa mara mbili, kwa sababu wa kwanza wino ulikuwa umekauka.

Walifika mjini saa nane na dakika arobaini. Afisa wa shirika, dada aliyejitambulisha kwa jina la Serafina, aliwapa maji ya kunywa kabla hata hawajaomba. Alisoma, uso ukamchangamka.

"Hongereni. Semina zinafuatilika vizuri. Mwaka jana tuliwapa vijana fulani hela ya kujenga uzio, mpaka leo tunasumbuana. Semina unahesabu waliohudhuria, basi. Na fulana mtapata."

Akachomoa pini, akatenga zile picha na kumrudishia Lusia.

"Hizi hazihusiani."

"Hayo ndiyo mashimo yenyewe, dada."

"Naelewa. Lakini mradi wenu ni semina. Wanaochagua wako Dar es Salaam, wakiona viambatanisho haviendani na maelezo, fomu wanaiweka pembeni. Nawasaidia."

Alikuwa anawasaidia kweli. Hilo ndilo lililomfanya Lusia akose hata wa kumkasirikia.

Saa kumi na moja walifika Nyamtondo. Wenzao walikuwa wakisubiri kwenye banda la kuonyeshea mpira, wamekaa kwenye mabenchi, televisheni imezimwa. Lusia aliwaambia yote, hakupunguza.

"Semina ya nini?" Loveness, mweka hazina, aliuliza. "Nani hapa hajui kwamba shimo linaua?"

Kijana mmoja alisema fulana si mbaya, wakamtazama, akainama.

Martina akainuka. Walidhani anakwenda nyumbani. Alirudi na panga, akawapita bila kuwaangalia, akashika njia ya nyuma ya shule. Walipomfikia alikuwa ameshaanza kukata matawi ya miiba na kuyaburuta hadi kwenye mdomo wa duara la kwanza. Mikono ilikuwa inamtoka damu. Ezekiel alimpokea panga. Wengine waliyapanga matawi kuzunguka shimo, shina nje, miiba ndani, kama zizi la ng'ombe.

Walipokuwa wanaanza la pili, bibi mmoja alipita na kamba begani, akawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, wanangu."

"Mwadila, bibi."

"Hayo mnayakata ya nini? Naombeni kuni kidogo. Mkaa umekuwa wa matajiri siku hizi."

"Ni uzio, bibi," Lusia alisema. "Watoto wasitumbukie."

Bibi alilitazama shimo, akamtazama Martina, akaacha kuuliza. Lakini hakuondoka. Lusia aliinama, akachambua matawi makavu kutoka kwenye ua waliokwisha kuuzungusha, akayafunga kwa ile kamba, akamtwika.

"Makavu chukua. Haya mabichi tuachie."

"Asante, mama." Bibi alisawazisha mzigo kichwani, akayapima kwa macho yale yaliyobaki. "Jua lenyewe hili," alisema, "Jumapili yatakuwa yamekauka." Akaenda zake.