Mtihani wa Tatu wa Solvej

Wewe unayesoma, uliangalia pembeni. Chuo chetu hapa Jutland kilipolivunjavunja somo la kemia, ulisema hayo ni mambo ya wasomi, ukaendelea na kahawa yako. Mimi shule niliiacha mapema nikaenda machinjioni kukata nguruwe na kuongoza migomo, kemia nikajisomea maktabani, na sijasahau kitu.

Mtihani wa mdomo uko wazi kwa yeyote, mradi afunge mdomo wake. Kwa hiyo niliingia nikakaa nyuma siku mpwa wangu Solvej, aliyekuwa akisomea kupima damu hospitalini, alipofanya wa sayansi za tiba kwa mara ya tatu. Mara ya tatu ni ya mwisho: ukianguka, chuo kimekwisha. Mlangoni, tukiingia, wenzake walimtania.

"Leo umekuja na mjomba, atuitishie mgomo?"

"Nikianguka ataitisha," Solvej akajibu, "na bango utabeba wewe."

Kwenye meza ya watahini, yenye kitambaa cha kijani, alichomoa karatasi ya swali: mgonjwa wa kisukari, damu imejaa asidi, anahema kwa nguvu. Aliueleza ugonjwa vizuri, insulini, figo, mapafu, hadi Mogens, mtahini aliyetoka chuo kingine, akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha Mogens akamwomba kwa upole aonyeshe ubaoni jinsi huko kuhema kunavyopunguza asidi.

Solvej akaandika kaboni dayoksaidi. Akaiweka chaki.

"Anatoa hewa chafu," alisema.

"Sawa. Hewa hiyo na asidi vinahusianaje?"

Akasema kweli tupu, kwamba hajui: mwalimu wa mapafu aliwaambia watalisoma hilo kwenye figo, na mwalimu wa figo akawaambia walishalisoma kwenye mapafu. Mogens akamgeukia Vibeke Thorup, mkemia, mwalimu wa Solvej. Vibeke alikuwa ameinamia kitambaa.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Zamani Vibeke alikuwa na muhula mzima wa kemia. Wakaja wakubwa na mpango wa kuunganisha masomo: moyo kwa pamoja, figo kwa pamoja, na kemia ienee kote kama chumvi kwenye supu. Wazo lenyewe si baya, sitadanganya. Anayejua jinsi asidi ya damu inavyogeuka maji na hewa ya kutolewa puani ameyaelewa mapafu kuliko aliyekariri. Lakini kila mpishi alidhani mwenzake ametia chumvi, na hakuna aliyeonja.

Tulitolewa nje, wao wakajadiliana. Vibeke ndiye aliyekuja kusema kwamba Solvej ameanguka. Solvej hakulia. Alimuuliza kama alikuwa anajua kwamba jambo lile halifundishwi popote.

"Nilijua," Vibeke alisema. "Tangu kile kikao cha kuupitisha mpango. Keki iko mezani, kila mtu ameshakubali, nikaona haya kuwaharibia. Nikajiambia nitasema siku nyingine."

"Basi nipitishe."

"Siwezi, Solvej. Damu ya mgonjwa kama yule ingekuja kwako uipime, na usingejua unachokiona. Ningesema siku ile, leo ungekuwa unajua. Hilo linaninyima usingizi."

Nilikuwa na matusi tayari, yakaniishia kinywani. Mwanamke yule alikuwa sahihi mara hii, na kuwa sahihi hakukumsaidia mtu. Solvej alifunga koti lake hadi shingoni akashuka ngazi. Siku hizi anauza viatu, na akiona gari la wagonjwa anageuza mazungumzo.

Mpango ni uleule. Septemba wanaingia vijana wengine, pengine na wa kwako. Baraza la masomo linakaa Alhamisi hii. Nenda. Simama mbele yao uulize: nani, kwa jina lake, anafundisha asidi ya damu, na wiki ipi? Wakikutabasamia, uliza tena, na usikae kitini mpaka jina litajwe.