Mraba wa Vigari vya Shuka

Kemunto alikuwa akinawa mikono katika chumba cha mapumziko alipowaona dirishani wapanda farasi wawili wa kwanza. Ilikuwa Jumatatu mchana, theluji imelala pakingi nzima. Walivaa makoti mafupi ya buluu yenye kamba nyeupe kifuani, na panga zilizopinda zilining'inia kiunoni. Walizunguka jengo polepole, wakatazama kila mlango, wakatazama mahali malori ya hospitali yanapopakia, kisha wakaondoka kwa njia ile ile ya magari. Kemunto akafuta mikono, akarudi kwenye mashine.

Jengo hilo liko Plymouth, huku ughaibuni, na kazi yake ni kufua nguo za hospitali. Mashine ya Kemunto ni rola mbili ndefu za moto. Shuka inaingizwa huku ikiwa na maji, inatokea kule ikiwa kavu na imenyooka. Zamani mbele ya rola palikuwa na chuma cha kinga, ili mkono usiifuate shuka. Kabla ya Krismasi chuma hicho kiliondolewa kwa sababu kilikuwa kinachelewesha kazi, kikatundikwa kwenye msumari nyuma ya ofisi. Wiki iliyofuata mashine ilichukua mkono wa kulia wa Susan mpaka kwenye kiwiko. Sasa Susan anakaa kwake Oakdale, na binti yake Fiona humkatia nyama huku akimsemesha kwa Kiingereza. Nafasi ya Susan alipewa Kemunto.

Jumapili, baada ya ibada kule Coon Rapids, wafanyakazi walikuwa wamekubaliana kwamba Ijumaa watatoka nje wote, wasirudi ndani mpaka chuma kirudishwe mahali pake. Aliyewaunganisha ni Wanjala, anayepakia malori. Hawakuomba kitu kingine. Wanjala alisema wakianza kuongeza mengine watagombana kabla chai haijapoa. Aliposikia habari za wale wawili, alisema tu kwamba basi ofisi imeshajua.

Jumanne walikuja wengine. Hawa walikuwa na farasi wakubwa, vifua vya chuma, na kofia za chuma zenye mkia wa nywele kwa nyuma. Ofisi iliwapa sehemu ya kufunga farasi kando ya jenereta. Mtu wa kuzoa theluji alilalamika kuwa samadi inamchafulia koleo la gari lake, lakini kufikia jioni alikuwa ameshazoea kuizunguka. Uwimana, mama wa kutoka Goma anayekunja taulo, aliwatazama kwa dirisha akasema hao waume walikufa kitambo. Farasi walikuwa wakitoa mvuke puani. Watu juu yao hawakutoa.

Jumatano mmoja wao aligonga mlango wa nyuma akaomba maji ya moto. Alikuwa mtu mzima, ndevu zake za juu ya mdomo zimeganda. Aliongea Kiswahili cha kawaida, kwa lafudhi ya mtu ambaye hajaongea miaka mingi. Alisema theluji inashikana chini ya kwato inakuwa donge, farasi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Dawa yake ni kupaka mafuta. Kemunto alimwonea huruma yule farasi, maana alikuwa akiinua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Alimpa maji, akampa na kopo la mafuta ya kukaangia lililobaki tangu sherehe ya Mwaka Mpya.

"Mmekuja kufanya kazi gani hapa, baba?" akamuuliza.

"Kwanza tunatazama. Kisha tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Mtu akimbie."

Alimweleza huku akichimba barafu kwenye kwato kwa kisu. Alisema watu hudhani farasi ndiye huvunja mstari wa askari wa miguu. Farasi ana akili. Hajirushi mahali asipoona mwanya. Siku za bunduki za kushindilia baruti, watu wa miguu wakijipanga pande nne, migongo ndani, ncha za chuma nje, wenye farasi walizunguka mpaka wakachoka, wakarudi walikotoka. Risasi ziliua, ndiyo, mizinga iliua zaidi. Lakini mstari ukishavunjika na watu wakageuza migongo, hapo ndipo farasi walipata kazi, na kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Aliyasema bila majivuno, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda posta. Alishukuru kwa mafuta akaenda.

Kemunto alimpelekea Wanjala maneno hayo.

"Sasa dada, adui mwenyewe ndiye anatupangia vita?"

"Hajapanga. Nimemuuliza, akajibu."

"Basi tumshukuru," Wanjala akasema. "Tukishinda nitamnunulia nyasi."

Ijumaa walitoka na vigari vya kusukumia shuka. Wanjala aliwapanga pande nne katikati ya pakingi, vigari nje, watu ndani wamepeana migongo, na fimbo za mopu zimechomoza kati ya kigari na kigari. Kemunto alisimama kwenye pembe inayotazama jenereta. Tarumbeta ilipigwa. Farasi walianza kwa mwendo wa kawaida, wakaongeza, theluji ikaruka, na ardhi ikatikisika mpaka magurudumu ya vigari yakalia. Peris, aliyekuwa kulia kwa Kemunto, hakuacha fimbo. Farasi walifika karibu kiasi cha kuonekana meno, wakageuka. Walizunguka pande zote nne wakitafuta. Walirudi wakaja tena, wakageuka tena. Peris akawaambia warudi kwao Ulaya wakale majani, na watu wakacheka, Lynette, aliyekuwa upande wa pili wa mraba, akacheka mpaka akashika mbavu. Mara ya tatu walikuja kwa kutembea tu. Baadaye walipanda kile kilima kidogo cha kando ya barabara, wakasimama huko. Ofisini mapazia yalikuwa yakifunguliwa na kufungwa.

Ndipo akatoka Solomon. Solomon ni supavaiza wao, na pia ni mzee wa kanisa. Wengi wa waliokuwa pale ni yeye aliyewapokea uwanja wa ndege akiwa amewabebea jaketi. Alivua kofia. Alisema ofisi imewasikia, na Jumatatu watu wa usalama kazini watakaa walizungumzie jambo la chuma.

"Walizungumzie au wakirudishe?" Wanjala akauliza.

"Ndugu yangu, wamekubali kukaa. Si haba. Hatujawahi kuachana bila kufunga mkutano wetu. Tufunge kwa maombi, tuingie tupashe miguu moto."

Wanjala alisema wataomba chuma kikisharudi. Akina mama wakamtazama vibaya. Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumkatalia mwenzake maombi, wala aliyejua ni maneno gani hutumika kukataa. Uwimana alikuwa wa kwanza kuvua glovu. Fimbo za mopu zikalazwa kwenye theluji. Vigari vikaachiliwa ili watu washikane mikono. Wanjala alisimama kidogo, kisha naye akavua kofia, akainamisha kichwa.

Kemunto hakufumba macho. Mkono mmoja alimpa Peris, mwingine ukabaki kwenye kigari.

Solomon aliiombea nchi hii na nchi waliyotoka. Aliiombea ofisi. Aliuombea mkono wa Susan, akiutaja kama bado upo. Kule kilimani tarumbeta haikupigwa. Farasi walianza kushuka. Kwato zao zilikuwa zimepakwa mafuta, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Kemunto alimtazama Solomon, akidhani atamwona anachungulia. Solomon alikuwa amefumba macho kweli, na machozi yalikuwa yakimtoka. Farasi wakaongeza mwendo. Kemunto alifungua mdomo. Tangu utoto wake hajapata kusikia mtu anakatiza maombi, si kwao Kisii wala hapa. Akangoja ifike amina. Solomon alikuwa bado anawaombea wasafiri.

Waliposema amina na kufungua macho, vifua vya farasi vilikuwa vimefika kwenye vigari. Lynette alikimbia. Akakimbia Peris, wakakimbia wote, kila mtu kwenda kwenye gari lake, na waliokuwa na panga wakawafuata bila haraka, mstari baada ya mstari wa magari. Wanjala hakukimbia. Alitoka kumfuata Lynette akimwambia asimame, wote wasimame, na ili wamsikie ilibidi awaelekee wao, farasi wakawa nyuma yake. Upanga ulimwingia begani ukashuka.

Kemunto alibaki ameshika kigari. Farasi walimpita huku na huku, kama maji yanavyopita jiwe. Yule mtu wa mafuta alipompita aligusa kofia yake.

Ofisi iliandika kwamba ni ajali ya kuteleza kwenye barafu. Waliojeruhiwa, wote migongoni, nao walisema hivyo hivyo hospitalini, kwa sababu ndivyo walivyoulizwa. Mwili wa Wanjala ulisafirishwa kwenda Webuye. Solomon ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi. Alilia kwa dhati na akaomba kwa muda mrefu, watu wote wakiwa wamefumba macho, isipokuwa Kemunto.

Jumatatu watu wa usalama walikaa wakalizungumzia jambo la chuma. Walikubaliana kuendelea kulizungumzia. Chuma bado kiko kwenye msumari.

Wapanda farasi hawakuondoka. Wamejengewa kibanda kando ya jenereta. Juzi yule mtu mzima alikuja tena na ndoo yake kwenye mlango wa nyuma.

"Ulisimama vizuri," akasema.

"Nilibaki peke yangu."

"Ndiyo. Anayesimama peke yake hatumgusi. Hana madhara."

Kemunto alimjazia ndoo. Halafu akarudi kwenye rola, akaingiza shuka, akaondoa vidole, akaingiza nyingine, akaondoa vidole.