Siti Iliyoshushwa

Magoti ya Luhende yalikaribia kugonga usukani kila alipokanyaga pedali, na wanawake waliokuwa wakipalilia pamba kando ya barabara waliinua migongo kumtazama. Mtu mrefu wa miaka hamsini na mbili, tumbo mbele, shati la ofisini limechomekwa vizuri, amejikunja juu ya baiskeli nyeusi ya zamani. Bwana shamba huyu walizoea kuusikia mlio wa pikipiki yake kabla hawajamwona. Leo alikuwa anahema kama ng'ombe wa kukokota. Mmoja akampa pole, akidhani pikipiki imeibwa.

Haikuibwa. Ilikuwa nyumbani chini ya turubai, kwa amri ya Joyness, muuguzi wa kliniki ya presha, binti wa umri wa mwanawe. "Mzee wangu, dawa peke yake hazitoshi. Mwili huo unataka kazi. Kutoka kwako hadi ofisini ni kilomita ngapi?" Saba, akajibu. "Na baiskeli huna?" Luhende aliikunjakunja kadi yake ya kliniki, kisha akasema anayo.

Maneno kama hayo aliwahi kuyasikia mezani kwake, miaka mitatu iliyopita, mkewe Philomena aliporudi kutoka kliniki hiyohiyo. "Baba Elia, wamesema nifanye mazoezi. Nifundishe baiskeli, inakaa tu stoo." Naye, bila hata kuacha kula, akamjibu, "Mke wa bwana shamba, na umri huo, uanze kuyumbayumba barabarani? Watu watasemaje? Ukitaka kwenda mahali nitakupeleka kwa pikipiki." Philomena alicheka kidogo, akatoa vyombo. Hakulirudia ombi lile. Kwaresima ya mwaka uliofuata alianguka jikoni kwa kiharusi, mumewe akiwa kwenye semina Mwanhuzi, na Luhende alipofika nyumbani alikuta majirani wameshajaa uani. Kaburi lake liko upande wa mashariki wa nyumba, hatua chache kutoka stoo.

Kwa hiyo siku ya kuitoa baiskeli alilipita kaburi hilo akiwa ameinamisha kichwa. Aliipangusa vumbi, akaijaza upepo, akashangaa kuona siti imeshushwa hadi mwisho. Alijaribu kuipandisha, lakini nati ilikuwa imekamatwa na kutu. Akaipanda hivyohivyo.

Baiskeli ina adabu zake, na alikuwa amezisahau. Kwa Wasukuma mtu mzima hasalimiwi kutoka juu ya siti. Ukimkuta unashuka, unasimama naye, unaulizia watu wa kwake mmoja mmoja, ndipo unaendelea na safari. Kwenye pikipiki Luhende alizoea kupiga honi na kupita. Sasa alishuka mara sita au saba kila asubuhi, akafika kazini amechelewa na kulowa jasho, na Gilbert, mwenzake wa ofisini, akawa anamtania kwamba huenda anatokea Dodoma.

Siku ya tano alimkuta Justina, jirani aliyemzidi umri, aliyeimba kwaya na Philomena. Tangu mazishi mama huyu alikuwa akimkwepa. Luhende akashuka, akamwamkia kwa Kisukuma kama anavyoamkiwa mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Justina hakumtazama usoni. Alikuwa akiitazama siti. "Hujaipandisha."

"Imeshika kutu. Sijui hata nani aliishusha. Elia ni mrefu kunizidi."

Justina akaitua ndoo yake chini. "Umeishi na mtu miaka ishirini na sita, baba Elia, na hujui urefu wake?"

Luhende akaiangalia siti upya. Philomena alikuwa akimfikia begani, tena akiwa amevaa viatu vya kanisani.

"Ukishaondoka na pikipiki yako, sisi tunaitoa," Justina akasema. "Mimi nashika keria, yeye anakanyaga. Alianguka mpaka goti likachubuka. Ulipomuuliza, akakwambia ameteleza kisimani."

Luhende alikumbuka. Alimnunulia ndala mpya.

"Baadaye akawa anaenda mwenyewe, anaimba njia nzima. Lakini mara moja kwa wiki, mbili zikizidi. Aliogopa usije ukarudi ghafla. Akifika kalavati la mwisho, lile la kabla ya mjini, anageuza."

"Kwa nini pale?"

Justina aliiinua ndoo, akaishusha tena. "Alisema mbele ya hapo wanaanza watu wanaokujua. Hakutaka kukutia aibu. Aliniapisha nisikwambie. Basi, nimekwambia."

Akaondoka na ndoo yake. Luhende alibaki amesimama mpaka lori la mbegu za pamba likampigia honi. Miaka yote miwili alikuwa amejifariji kwamba mkewe hakuteseka, kwamba kifo kilimchukua mara moja, kazi ya Mungu. Sasa alijua kuwa mwanamke yule alikuwa akiupigania uhai wake kwa kujificha, na kwamba aliyekuwa akifichwa ni yeye. Akalia palepale barabarani mchana kweupe.

Jumamosi alimpelekea baiskeli fundi Ngassa akaze breki. Ngassa akaishika siti na kutikisa kichwa. "Hii ni ya mtu mfupi. Natia mafuta, naipandisha sasa hivi."

"Iache."

"Magoti yatakuuma, mzee."

"Najua. Iache hapohapo."

Kliniki iliyofuata, Joyness alimpima mara mbili kabla ya kutabasamu. "Imeshuka, mzee wangu. Imeshuka vizuri kabisa. Umeona? Siri yake ni kila siku, siyo mara mojamoja." Alingoja mgonjwa wake afurahi. Luhende alikitazama kile kipande cha karatasi chenye namba, akakikunja mara nne, akamshukuru kwa sauti ambayo haikusikika. Angetoa chochote namba zile ziwe zimegoma kushuka.

Asubuhi iliyofuata alikanyaga mpaka kalavati la mwisho, akashuka. Aliiegemeza baiskeli kiunoni, akavua kofia. Pikipiki ikapunguza mwendo kando yake. Alikuwa Gilbert.

"Pancha, mzee? Nikuvute?"

"Hapana. Nimeshuka kusalimia."

Gilbert akatazama mbele, akatazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Alitaka kutania, akaiona ile kofia mkononi, akaondoka polepole.

Luhende aliulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Kisha akaanza kutembea kuelekea mjini, akiikokota baiskeli, kwa mwendo wa mtu anayeongozana na mfupi kuliko yeye. Penye maduka ya kwanza watu wanaomjua walianza kumwita, wengine wakicheka na kumuuliza kilichomshusha. Aliwaitikia wote, na hakupanda.