Nyumba Zenye Duara

Fimbo ya kwanza ilimpata Fabiani begani. Ya pili ilimpata mdomoni, na alipotema, jino lilianguka pamoja na damu kwenye vumbi la uwanja wake mwenyewe. Hakulia. Alipangusa kidevu kwa kiganja ambacho tayari kilikuwa chekundu kwa udongo, na hapo ndipo Kamanda Leodgar alipocheka.

"Tazameni mkono wake," aliwaambia mgambo. "Mwizi kakamatwa, na mkono bado umelowa."

Makarius alisimama karibu, akiwa amevaa suruali yake ya chuo. Watu wote wa Itenga walikuwa wamekalishwa chini uwanjani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nyuma yao, kwenye kila mlango, bila kuachwa hata mmoja, kulikuwa na duara jekundu lenye ukubwa wa sahani. Jana mchana maduara yalikuwa kwenye nusu tu ya milango, na hayo ya jana aliyachora Makarius kwa mkono wake.

Alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam, kutoka idara ya biashara ya chuo, kufanya utafiti ambao yeye mwenyewe aliupigania kwa profesa wake. Watu wa Itenga na wa bonde zima la Mpimbwe walitakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, wakapate shule, zahanati na maji. Makarius aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote. Kilichomuuma ni namna lilivyofanywa. Njiani kutoka Mpanda alipita vitongoji ambavyo mapaa yake yalikuwa yamebaki majivu, kuku wakiparura ndani ya vyumba visivyo na juu. Aliona mzee akiburutwa kwa mguu hadi kwenye lori, huku akikumbatia chungu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akapata wazo.

Nusu ya nyumba za Itenga, kama za kitongoji cha jirani kabla yake, zingechorwa duara jekundu na kuachwa mpaka mpunga uvunwe, kisha wenyewe wahame kwa miguu yao. Nusu nyingine wangehamishwa sasa, kama Operesheni ya kuhamisha watu ilivyotaka. Baada ya mwaka angelinganisha: nani kalima zaidi, nani kakaa, nani kakimbia. Takwimu zingesema, na hakuna mkubwa ambaye angeweza kubisha kwamba sera iliyopangwa vizuri haihitaji fimbo. Bwana Mkubwa wa wilaya alilipenda wazo hilo. Tena, Kamanda Leodgar alipochoma nyumba yenye alama katika kitongoji cha jirani, Bwana Mkubwa alikwenda mwenyewe na gari, akamtukana mbele ya mgambo wake kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Ukigusa tena nyumba ya utafiti," alimwambia, "utarudi kulinda bohari la pamba."

Leodgar hakuwa amesahau. Hata sasa, akiwa ameshika fimbo, macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye maduara na kurudi.

Ili pasiwe na upendeleo, Makarius alipiga kura. Wenye nyumba walichomoa punje za mahindi kwenye kikapu, nyeupe na njano. Nyumba ya Mama Emerensiana, mjane aliyempa chumba na kumpikia, ilipata punje ya njano. Ingeachwa. Fabiani na mkewe Katarina, aliyekuwa amejifungua wiki hiyohiyo, walipata nyeupe.

"Bwana Maswali," Katarina alimwuliza, mtoto akiwa kifuani, "punje yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, dada. Ni bahati tu. Ndivyo utafiti unavyotakiwa uwe."

"Na mpunga wangu, nao nguruwe wakiula itakuwa bahati?"

Makarius aligeuka kutazama shamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, bado kidogo tu. Aliyeondolewa leo angeacha chakula cha mwaka mzima kwa nguruwe na ndege.

Kosa lake lilianzia kwenye kopo la rangi. Lilipasuka njiani kwenye baiskeli, rangi yote ikaishia kwenye begi lake la nguo. Alipofika Itenga hakuwa na cha kuchorea, ndipo akamwomba Mama Emerensiana udongo mwekundu, ule wa kusiribia kuta. Mama huyo alichimba, akaukanda kwa maji kwenye karai kubwa, akampa. Makarius alichora maduara yake, akanawa, akashukuru, akaliacha karai uwanjani.

Hakujua kitu ambacho mtoto yeyote wa Itenga angemwambia kama angeuliza. Pale, udongo ukishakandwa na kutolewa nje haurudishwi ndani ya nyumba ya mtu. Wanawake huuzungusha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mpaka umalizike, na hakuna anayelala nyumba yake ina udongo mpya huku ya jirani haina. Kwa hiyo, alipokwenda mtoni kuoga jioni ile, wanawake walilichukua karai. Jua lilikuwa halijazama, na hawakujificha. Mama Emerensiana mwenyewe alitangulia, akaanzia mlango wa Katarina, ambako Fabiani naye alichovya mkono akasaidia.

Makarius aliporudi, nywele zikimdondosha maji, alikuta Itenga nzima ina duara.

"Mama, mmefanya nini?" aliuliza.

"Tumemaliza udongo wako, mwanangu," alijibu Mama Emerensiana, akichochea ugali. "Kaa ule."

Sasa asubuhi ilikuwa imefika, na malori mawili yalikuwa yanaunguruma nyuma ya migomba.

"Ndugu Msomi!" Leodgar alimwita, akimwonyesha kwa fimbo. "Njoo hapa. Niliambiwa nusu. Hii ni nusu?"

"Ndugu Kamanda, mwacheni kwanza huyo mtu, anaumia."

"Nimekuuliza hesabu, sijakuuliza habari ya maumivu." Mgambo wakacheka. "Hawa wameghushi alama ya Serikali. Huo ni uhujumu, na huyu hapa nimemkuta na udongo mkononi. Nampeleka ndani. Lakini mimi sitaki matatizo na wakubwa wako. Nionyeshe maduara yako wewe, yale ya kweli. Hayo siyagusi, wakae na mpunga wao. Mengine nachoma, watu wanapanda lori, mchana tunakula tukiwa kule Sitalike. Rahisi."

Mgambo mmoja alikuwa tayari ameshika mwenge wa nyasi. Mwingine alimkanyaga Fabiani mgongoni kwa buti. Mtoto wa Katarina alianza kulia, sauti nyembamba kama ya paka, na mama yake akamfunika uso kwa kitenge.

Makarius alijua kila mlango aliouchora. Angeweza kuionyesha akiwa amefumba macho. Nusu watakula, alijiambia. Nusu ni kubwa kuliko hakuna. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kupima mambo: chukua kinachopatikana, usipoteze vyote. Utafiti wake ungepona. Mama Emerensiana angevuna. Hata profesa angempongeza kwa kutulia.

Mguu wake ulipiga hatua kuelekea mlango wa Mama Emerensiana, mkono ukaanza kuinuka. Mjane huyo alikuwa amekaa mstari wa mbele wa wanawake, miguu ameinyoosha. Alimtazama usoni, kisha taratibu akageuza uso, akatazama pengine, kama mtu anayemwona mgeni wake akivua nguo hadharani.

Mkono wa Makarius ulishuka.

"Yote ni yangu," alisema.

"Nini?"

"Maduara yote, Ndugu Kamanda. Nimeyachora mimi."

"Muongo wewe! Niliambiwa nusu!"

"Nilipewa ruhusa ya nusu, nikaongeza. Hawa hawana kosa. Fabiani alinishikia karai tu, ndiyo maana mkono wake una udongo."

Fabiani aliinua uso wake uliojaa damu, akamtazama kwa mshangao. Leodgar alimsogelea mpaka Makarius akasikia harufu ya tumbaku mdomoni mwake.

"Umeongeza kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Kitako cha bunduki kilimpata tumboni. Hakukiona kikija. Alianguka kwa magoti, akatapika uji aliopewa na Mama Emerensiana, na kabla hajavuta pumzi buti lilimpata ubavuni, akasikia kitu ndani kikilia kama kijiti kikavu.

"Mkono upi ulichora?" Leodgar aliuliza. "Nauliza, mkono upi?"

Makarius aliunyoosha wa kulia. Sijui ni ujinga au ni nini, alifikiri, lakini aliunyoosha. Kamanda aliukanyaga pale pale kwenye vumbi, akazungusha kisigino. Vidole vilivunjika. Makarius alipiga kelele iliyowafanya wanawake wote wafunike vichwa.

"Sasa niambie. Ya kweli ni yapi?"

"Yote."

"Yapi?"

"Yote, ndugu yangu! Nenda kamwulize Bwana Mkubwa! Nipeleke mimi, nitamwambia mbele yako!"

Ni hilo lililomkwamisha Leodgar. Alitazama mwenge uliokuwa unawaka, akatazama milango. Kila mlango ulimtazama kwa jicho jekundu moja. Kama msomi alisema kweli, kuchoma mmoja tu kungemrudisha kwenye bohari la pamba. Kama alisema uongo, angeujua uongo huo mjini, huyu kijana akiwa amesimama mbele ya mkubwa wake. Leo hapakuwa na jinsi.

"Mpakieni," alisema. "Na huyo mwenye meno machache mwacheni. Tunakwenda mjini. Yakithibitika kuwa ya uongo, narudi, na nyie wote mtajuta kuzaliwa."

"Na mwenge, Kamanda?" mgambo aliuliza. "Unaungua bure."

Leodgar aligeuka kwa hasira. "Karai lilikuwa la nani?"

Mama Emerensiana akasimama, akakung'uta kanga yake. "La kwangu."

Kamanda aliuchukua mwenge, akaurusha mwenyewe juu ya nyasi za jiko la mjane huyo, kibanda kilichokaa pembeni ya nyumba na kisichokuwa na mlango wala duara. Nyasi zilikuwa kavu. Moto uliruka juu, ukalamba ukingo wa paa la nyumba, na kabla mtu hajainuka paa lote lilikuwa linawaka. Sauti yake ilikuwa kama mvua kubwa. Nyumba ilikuwa na duara mlangoni, na Leodgar alirudi nyuma kama mtu aliyeungua vidole.

"Mimi nimechoma jiko tu," aliwaambia mgambo, kwa sauti ya chini. "Mmeona nyie. Upepo."

Walimbeba Makarius kwa mikono na miguu, wakamtupa kwenye bodi la lori kama gunia. Bati lilikuwa la moto na kila mtikisiko uliuchoma ubavu wake. Alijikokota mpaka kwenye ubao wa nyuma, akajiegemeza, mkono uliovunjika ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa analia. Utafiti wake ulikuwa umekufa. Hapakuwa na nusu ya kulinganisha na nusu. Na mjini hakujua kitakachompata. Alijua tu kwamba mpaka mjini ni mbali, na kurudi ni mbali vilevile, na kwamba atang'ang'ania uongo wake kwa kadiri mdomo wake utakavyoweza.

Lori lilipozunguka migomba aliona uwanja kwa mara ya mwisho. Alitarajia kuona watu wakikimbia na maji kuelekea nyumba ya Mama Emerensiana. Hapakuwa na mtu pale. Paa lilikuwa limeshaanguka ndani.

Watu walikuwa mpungani. Wanaume na wanawake, wote, hata wale wenye punje nyeupe na wale wenye njano, wameingia shamba moja bila kuuliza ni la nani, visu mikononi, migongo imeinama. Walikuwa wanawahi kabla malori hayajarudi, wakianzia shamba la Katarina. Fabiani alikuwa katikati, akikata kwa mkono mmoja na kushikilia taya kwa mwingine. Mpunga ulikuwa bado mbichi kidogo, ungehitaji kuanikwa sana, lakini ulikuwa unaanguka, safu baada ya safu.

Pembeni, moshi wa nyumba yake ukimpita juu ya kichwa, Mama Emerensiana alisimama wima kwa muda. Aliinua mkono wake mwekundu kuelekea lori, kiganja kimefunguka. Kisha akainama, akaendelea kukata.