Kopo Lisilo na Namba

Simu ilinikuta juu ya ngazi, brashi mkononi, nikipaka rangi nyeupe dari ya ukumbi wa shule. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

"Shemeji, shuka kwanza," alisema.

Nikashuka.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka."

Ndipo akaniambia kwamba dada yake alianguka jikoni asubuhi ile, na kwamba alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho.

Nilirudi nyumbani na chombo changu cha chakula kikiwa hakijafunguliwa. Nyumba ilijaa watu wanaosogeza viti. Nilipopata upenyo nikaingia stoo, nikakaa juu ya ndoo ya rangi, nikala chakula kile kikiwa kimepoa: maharage, karoti, na majani ya karoti hizohizo, maana kwake jani la karoti halikuwa takataka. Nilikula mpaka nikafuta chombo kwa kidole. Watu walidhani nimejificha nilie. Sikulia. Nilikuwa nakula alichonipikia alfajiri, nikijua hakuna kingine kinachokuja.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mambo madogo, na yeye alikuwa mtu wa mambo madogo.

Alipika kantini ya kiwanda kwa miaka kumi na miwili. Kupika alikujua tangu kwao. Kilichombadilisha kule ni ndoo za makombo. Kila jioni alizitoa nje yeye mwenyewe: wali ambao haukuguswa, mikate iliyomegwa mara moja, vipande vya nyama vilivyochomwa uma na kuachwa. Alipoacha kazi ile, nyama nayo ikaacha kuja mezani kwetu. Hakutoa hotuba. Siku ya kwanza nilikaa nikisubiri, nikidhani imechelewa jikoni.

"Unamsubiri nani?" akaniuliza.

"Nyama."

"Huyo haji. Kula."

Nilinung'unika mwezi mzima. Kisha nikaanza kusahau kunung'unika, kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Alikaanga uyoga na vitunguu taratibu mpaka ukageuka kahawia na nyumba nzima ikanukia. Maganda ya viazi aliyaosha, akayaoka na chumvi mpaka yakawa yanavunjika mdomoni. Maganda ya vitunguu na mashina ya mboga aliyachemsha pamoja, akachuja, ukapatikana mchuzi wa kupikia dengu. Visivyolika kabisa vilikwenda kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba. "Ardhi nayo ina mdomo," alisema. "Ukilishibisha pipa, yeye analala njaa." Pipa letu lilikaa wiki mbili bila kujaa.

Kazini, fundi bomba aliyaona yale majani ya karoti kwenye chakula changu, akanibatiza Sungura. Jina likanata, likafika hadi nyumbani. Kila mchana ilikuwa, "Sungura, leo nyasi gani?" Halafu yeye ndiye wa kwanza kuchovya kijiko.

Kando ya shimo la mboji, kufuata ukuta, mke wangu alipanda maharage. Yalikuwa mekundu ya giza, kila punje ina doa jeupe pembeni, dogo kama ncha ya msumari. "Haya ni yako," alinitania, "umeyadondoshea rangi." Si kweli. Alipewa na mama yake mzazi, kiganja kimoja, siku aliyohamia kwangu, na tangu hapo hakuacha msimu upite bila kuyapanda. Sokoni sijawahi kuyaona.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nilibaki na vikombe vya kuazima na ukimya. Nilikula mkate na chai ya rangi. Jioni mkate, asubuhi mkate. Pipa likaanza kujaa: mifuko ya mikate, vyakula vya kununua nilivyoshindwa kuvimaliza. Kila nilipolifunika nililifunika haraka, kama mtu anayeficha kitu.

Kazini walinihurumia. Fundi bomba hakuniita Sungura tena. Aliniita "fundi," kwa adabu, akanipisha kivulini. Heshima ile ilinichoma kuliko utani wowote. Nilikuwa nimefiwa na mke, na jina nalo likazikwa.

Shemeji alikuja kila Jumapili. Anaishi ghorofa ya nne, chumba na sebule, hana hata kopo la kupandia ua. Alisimama mlangoni akanipima kwa macho.

"Shemeji, umekonda. Unakula nini, rangi?"

"Nakula."

"Hilo jibu la mtoto. Jiko limekauka hivi, panya wenyewe wamehama."

Basi nikaanza kupika. Miaka yote ile nilikuwa nimekula jikoni kwangu bila kujua chochote ndani yake. Kwenye rafu kulikuwa na makopo, na kila kopo limebandikwa kipande cha utepe wa karatasi, ule ninaozungushia madirisha nisiyachafue kwa rangi. Kumbe tepe zangu zilikuwa zinaishia huku. Kila utepe uliandikwa namba tu: 8, 12, 0. Ilinichukua siku tatu na sufuria moja ya njegere ngumu kama changarawe kuelewa kwamba ni saa za kuloweka. Dengu zilikuwa 0. Nilianza na dengu. Za kwanza ziliungua. Za pili zilikuwa uji. Za tatu nilikula nimesimama, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, na zilikaribia, zilikaribia kidogo tu, kuwa zake.

Nilikuwa nataka maharage. Kopo la 12 lilikuwa tupu. Lakini nyuma kabisa ya rafu, pembezoni mwa ukuta, nikakuta kopo la maziwa lisilo na utepe. Nikalifungua. Maharage yale yale yenye doa jeupe, lakini yamejaa vumbi la kijivu, kama majivu. Nikasikitika. Nikasema, maskini, alianza kuchoka hata usafi ukamshinda, na mimi sikuona.

Niliyaosha kwa uangalifu, maji matatu. Mapepe, yale yanayoelea, niliyamwaga pamoja na maji machafu. Nilikuwa naelekea kwenye karo ya jikoni nikasikia sauti yake kuhusu ardhi na mdomo wake, nikageuka, nikatoka nje nikamwaga shimoni. Mazuri nikayaloweka. Asubuhi nikayapika kabla ya kazi, na vitunguu viwili na karoti, na majani ya karoti juu.

Mchana nilifungua chombo. Fundi bomba alikuwa ameketi juu ya mabomba yake, hanitazami. Harufu ikamfikia. Akageuza shingo polepole.

"Fundi, hiyo ni..."

"Chukua kijiko."

Akaonja. Akatafuna muda mrefu. Akasema, "Chumvi umeiona kwa mbali tu, lakini ndiyo yenyewe." Akachukua tena. Kisha, bila kunitazama: "Nyasi nzuri hizi, Sungura."

Fundi umeme akacheka, akasogea na mkate wake. Tukala watatu kutoka chombo kimoja. Nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ya ngazi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, nikapasha yaliyobaki, nikala karibu yote.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja na mwiko mpya na habari kwamba mvua zimekaribia.

"Nimeomba ruhusa kazini siku moja," alisema. "Nije tupande ya dada. Mbegu iko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Ya maharage. Kopo la maziwa, la nyuma kule. Lenye majivu."

Nikauliza, ingawa nilishajua, "Majivu ya nini?"

"Ya kuzuia wadudu, shemeji. Mbegu huwekwa majivu." Akanitazama. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Nikafungua kabati nikamwonyesha kopo. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa, limefudikizwa.

"Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyapika."

"Yote?"

"Halikuwa na namba," nilisema. "Yote mengine yana namba."

"Lisingekuwa na namba! Mbegu hailowekwi!" Akakaa kitini na mwiko wake mapajani. Kwanza alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. "Mama aliyapitisha kwenye ukame mara mbili. Dada akayapitisha miaka ishirini na tatu. Yamekuja kukomea kwa Sungura." Halafu akalia, na mimi nikasimama pale nikishika mlango wa kabati.

"Hakumgawia mtu?" nikauliza.

"Alimgawia kila mtu. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia, wenzake wa kantini. Na mimi alinipa."

"Wewe uliyapeleka wapi?"

Akafuta macho. "Niliyapika."

Hatukucheka. Alipoondoka aliniambia, "Usijitese. Maji yakimwagika hayazoleki." Lakini alisahau mwiko mezani, na yeye si mtu wa kusahau vitu.

Niliwauliza majirani na wenzake wa kantini: wote walishayapika. Kwenye sufuria zilibaki punje chache zilizopikwa. Nilikausha moja, nikaitia kwenye kisanduku cha kiberiti, na kila siku baada ya kazi nikazunguka nayo masokoni. Niliwafungulia kiberiti wauza nafaka, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, hiyo imepikwa," aliniambia mama mmoja.

"Najua. Natafuta mbichi yake."

Alinionyesha mekundu, ya madoadoa, meusi, meupe. Akachambua gunia zima kwa mkono wake. Lenye doa moja pembeni hakuwa nalo. Akaniuliza ni ya nani. Nikasema ya mke wangu. Akafunga kiberiti, akanirudishia kwa mikono miwili.

Niliacha kupika. Nilirudi kwenye mkate na pipa, zaidi ya wiki mbili. Mvua zikaanza. Gari la taka halikuja kwa sababu ya matope, pipa likafurika, na maganda ya ndizi yakaanza kunuka mlangoni. Sikuwa na la kufanya ila kuyapeleka shimoni, ambako sikuwa nimekwenda tangu siku nilipoosha maharage.

Mboji ilikuwa imefunikwa na magugu. Niliinua mkono kumwaga, nikaushusha. Katikati ya magugu kulikuwa na majani mapana, matatu matatu kwenye kikonyo, na kamba nyembamba inayotafuta kitu cha kushika. Nimemwona mke wangu akiinamia majani hayo misimu ishirini na tatu. Nilipiga magoti pale pale kwenye tope. Mashina matano. Yalikuwa mapepe, yale niliyoyaona hayafai.

Nilimpigia simu shemeji. Nikamwambia, "Kaa kwanza."

"Nimekaa. Kuna nini tena?"

Nilipomwambia akasema, "Usiyaguse. Usiyamwagilie. Usiyatazame sana. Nakuja."

Tulichomeka fito zangu za zamani za kufungia brashi, tukavuta kamba. Konokono alikula shina moja, jingine likanyauka bila sababu. Matatu yakapanda. Kila jioni nilitoka na kiti nikakaa karibu nayo. Hapakuwa na mengi ya kufanya. Nilikuwa nayaambia nilichopika. Nilirudia kupika, maana mboji ilihitaji maganda, na mkate hauna ganda.

Yalipokauka tuliyapukuchua mezani, mimi na shemeji, juu ya gazeti. Alihesabu mara mbili. Punje hamsini na nane, kila moja na doa lake. Sita amezichukua yeye, atazipanda kwenye ndoo yangu ya rangi niliyomtobolea chini, kwenye kibaraza chake cha ghorofa ya nne. Nyingine nimezichanganya na majivu, nimezirudisha kwenye kopo la maziwa, na nimekata utepe nikaandika: MBEGU.

Msimu huu siyali. Kazini napeleka dengu.