Sisimizi wa Shukuru

Sisimizi walianza kumfuata Shukuru msimu wa maharage. Akikojoa nyuma ya bafu, jiwe la pale lilijaa sisimizi kabla halijakauka. Kisha shingoni ukamtoka mstari mweusi kama kamba. Mama yake, dada yangu Judith, aliusugua kwa dodoki mpaka mtoto akalia. Haukutoka.

Jirani yetu Kasimiri akanivuta pembeni. "Unakumbuka alivyozaliwa? Kama panya! Hata kilo mbili hakufika. Kile kitoto kilifia kifuani kwa mama yake, Petro. Hili mnalolilisha ni jingine."

"Funga mdomo."

"Nifunge mimi? Na sisimizi je?"

Hata mimi, mama alisema, nilizaliwa mdogo hivyo, nikalazwa kwenye ungo.

Shukuru alikuwa na miaka kumi na tatu, mnene kumpita mama yake. Kwa hofu ya ule udogo, Judith alimlea kwa uji wa sukari na maandazi. Sasa alikuwa anakunywa maji kama shimo.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Kasimiri alitaka nimpeleke Mlali kwa mganga, amtoe huyo "mwingine". Judith aliniachia mimi niamue.

Mimi na Shukuru tukapanda lori la kabichi kutoka Mgeta. Mlali nikamgongea dereva asimame. Shukuru alikuwa anahema haraka, pumzi inanukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akafumbua macho.

"Mjomba, mimi ni mimi, siyo?"

Kumbe alimsikia Kasimiri. Nikamwambia dereva atupeleke mjini, hospitali.

Swali la kwanza la nesi: "Alizaliwa na kilo ngapi?" Nilidhani Kasimiri kampigia simu.

Daktari akasema ni kisukari, na presha imeanza kupanda. Mtoto aliyezaliwa mdogo, mwili wake huzoea uhaba tangu tumboni; akija kunenepeshwa, maradhi haya humpata kirahisi kuliko wenzake. Sukari ilikuwa inatoka na mkojo. Mstari wa shingoni haukuwa uchafu wala kamba; ulikuwa dalili ya ugonjwa huohuo.

Amerudi nyumbani, anachomwa sindano, maandazi hayaoni. Sisimizi wameondoka kwenye jiwe.

Jana aliniita migombani, ninapokojolea mimi.

"Mjomba, njoo uone."

"Nini tena?"

"Wamehamia kwako."

Walikuwa wamefunika majani makavu, wanatembea bila haraka. Mkononi nilikuwa na kikombe cha maji. Cha ngapi tangu asubuhi, sijui.